Zaburi ya 119 na zamu zangu za usiku

Mume wangu alipopatwa na kiharusi mwezi wa Mei 2018, ushauri ulitufikia hapa Nakuru hata kabla hajaruhusiwa kutoka hospitalini. Mmoja alisema tutubu dhambi tuliyoificha. Mwingine, tena mtu ninayemheshimu, alinitaka nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, ya shilingi elfu kumi ili mkono wa kushoto uinuke, wakati mimi nilikuwa nimekwisha kutumia elfu themanini na ushee na chama cha kukopeshana kinanidai. Nilimjibu kwa adabu kwamba nitafikiri, na mpaka leo ninafikiri.

Hata hivyo sikuwa na msimamo huu ninaojidai nao sasa. Mwezi wa Julai nilimwacha mgonjwa kwa dada yangu, nikafuatana na akina mama watatu hadi kwenye mapango ya Menengai, kreta ya volkano karibu na Nakuru, ambako Wakristo wengi huenda kufunga na kuomba. Tulipatana siku tatu bila chakula. Ukingo wa kreta ile uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mimi mzaliwa wa Nakuru, ninayeijua baridi ya Julai, nilibeba leso moja tu ya kujifunika. Usiku kucha sikuomba neno lolote isipokuwa kupambazuke. Asubuhi, tukiwa tumefumba macho, nyani aliingia akauchukua mkoba wangu, akaketi juu ya jiwe mbele yetu sote na kutoa, moja baada ya jingine, maandazi sita niliyoyaficha chini ya Biblia. Mama aliyetuongoza alifumbua jicho moja, akayahesabu, kisha akaendelea kukemea roho ya ulafi kwa sauti iliyozidi kupanda. Nilirejea nyumbani siku hiyo hiyo, nikiwa na njaa na bila mkoba.

Kilichonisaidia kilitoka kwa muuguzi, ambaye hakuwa na habari kwamba ananifundisha kuomba. Aliniambia, "Mama, huyu mzee ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asije akapata vidonda vya kulala." Hiyo ni mara kumi na mbili kwa siku, na kufikia wiki ya pili nilikuwa namgeuza kwa hasira. Usiku mmoja nilikumbuka kwamba Zaburi ya 119 ina aya 176 zilizogawanywa katika mafungu 22 ya aya nane nane, nikaamua kusoma fungu moja kila ninapomgeuza. Siku mbili zina mageuzo 24, kwa hiyo yalinibakia mawili. La kwanza nililitengea Zaburi ya 13, ambamo Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne mfululizo, na mimi nilikuwa naongeza ya tano. La pili nililitengea Zaburi ya 117, yenye aya mbili tu, kwa sababu zipo saa ambazo sifa za aya mbili ndizo zote mtu anazoweza kutoa.

Sikuwahi kuota ndoto wala kusikia sauti. Nilichopata ni kwamba mgongo wa baba watoto haukutoka kidonda hata kimoja, na mimi niliacha kumgeuza kama gunia la viazi. Dawa za presha hatukuzikatiza hata siku moja, ingawa jamaa mmoja alituambia kwamba kuzimeza ni kukosa imani. Mtu wa namna hiyo mpe chai, umsindikize hadi langoni. Mazoezi ya viungo tuliyafanya kwa fimbo ya ufagio, huku yeye akilalamika kuliko Daudi.

Leo anatembea kwa mkongojo, lakini mkono wa kushoto haujarudi. Mimi bado hushtuka saa nane za usiku nikaanza kunong'ona fungu langu, naye hunijibu gizani, "Lala, mama watoto, nimekwisha kujigeuza."