Nilivyoufuata mfereji wa Segovia kuanzia kichwani

"Dakika ishirini zinatosha, piga picha urudi Madrid." Ndivyo nilivyoambiwa kuhusu mfereji wa maji wa Warumi, unaopita juu ya matao ya mawe pale Segovia, Hispania, nami nikatii. Saa sita mchana, jua la utosi, nikasimama uwanja wa Azoguejo kutazama matao ya mita 28. Picha zikatoka bapa kama ukuta uliopigwa plasta.

Kosa jingine lilikuwa treni. Ile ya kasi kutoka Chamartín, stesheni ya Madrid, hufika chini ya nusu saa, kweli, ila kituo cha Segovia-Guiomar kiko porini, kilomita kadhaa nje ya mji. Ukikosa basi namba 11 utabaki kuhesabu milima. Mara ya pili nilipanda basi Moncloa, kituo cha mabasi cha Madrid: saa moja na robo hivi, nauli ya kawaida tu, na ukishuka unatembea dakika kumi hadi kwenye mfereji.

Safari hiyo nilianzia juu, kwenye kijumba cha mawe ambamo maji yalitulizwa mchanga utuame kabla ya kupanda mataoni. Matao ya kwanza ni mafupi. Ardhi inateremka lakini mfereji unashuka kidogo mno, basi nguzo zinazidi kurefuka kadiri unavyotembea. Njiani utaona matao yaliyochongoka kidogo kileleni. Hayo si ya Warumi, yalijengwa upya karne ya 15. Uwanja wa Díaz Sanz mfereji unakata kona, na kuanzia hapo matao yanakuwa ya ghorofa mbili.

Nenda asubuhi au jioni, jua likipiga ubavuni. Hapo ndipo vishimo vinajitokeza kwenye mawe ya itale, vya kuingia kidole: koleo la chuma lilibana hapo jiwe likinyanyuliwa. Kwenye maungio usitafute chokaa, haimo. Mawe ya tao yamechongwa kama kabari. Uzito wake wenyewe ndio unaoyabana.

Pembeni mwa Azoguejo kuna ngazi hadi Postigo del Consuelo, bure kabisa, unafika kimo cha mfereji wenyewe. Vaa soli isiyoteleza. Beba na darubini ndogo: juu ya matao marefu kuna mistari ya matundu, ndimo zilimopigiliwa herufi za shaba. Herufi zimeng'olewa zamani, na wataalamu wanasoma matundu ili kujua yaliyoandikwa.