Maji ya kutia katika roboti ya kufagia, kwetu Goma

Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeishi Ubelgiji alipokuja kututembelea mwaka jana, alitoa katika sanduku lake roboti ya kufagia, ya duara, pana kama sinia la chai, akaiweka chini sebuleni na kutuambia kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba hii atakayeinama tena kukoropa. Watoto waliifuata nyuma siku nzima. Mimi nilibaki na kitabu cha maelekezo, nikakisoma chote, na sentensi moja tu ndiyo iliyokuja kunisumbua baadaye: kwamba tangi lijazwe maji safi ya baridi. Aliyeiandika bila shaka anaishi mahali ambapo maji ni ya aina moja, yanatoka bombani, na hakuna mtu anayeuliza ni maji gani. Hapa Himbi, mtaa wa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, maji yaliyomo nyumbani siku yoyote ile huenda ni ya bomba, ya Ziwa Kivu yaliyoletwa kwa chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo) katika bidoni za lita 20, au ya mvua yaliyotegwa kutoka kwenye mabati, na kila mojawapo lina tabia yake.

Nianze na tangi lenyewe, kwa sababu usipojua linavyofanya kazi hutaelewa kwa nini maji yanaweza kuliharibu. Roboti yetu si ya zile mpya zenye kituo kikubwa chenye matangi mawili, moja la maji safi na jingine la maji machafu, ambazo hujijaza na kujiosha zenyewe. Yetu ina kitangi kimoja bapa cha plastiki kinachochomekwa kwa nyuma, chini ya tumbo, na hakizidi kikombe kikubwa cha chai. Haina pampu. Maji hushuka yenyewe kwa uzito wake, yakipita katika vitundu viwili vidogo vyenye chujio, na kulowesha kitambaa kilichobandikwa chini ya tangi. Roboti inapotembea, kitambaa hicho kinapangusa karo, yaani vigae vya sakafu, nyuma yake. Juu ya tangi kuna kizibo cha mpira, na pembeni mwa kizibo kuna kijitundu cha kuingiza hewa. Kijitundu hicho kikizibwa na uchafu, maji hayashuki hata kama vitundu vya chini ni vizima, kama vile maji yanavyokataa kutoka katika chupa uliyoiziba mdomo kwa kidole.

Wiki tatu za kwanza tulifurahi. Wiki ya nne niliona mambo mawili ambayo sikuyaunganisha. La kwanza, karo zetu, ambazo ni za kijivu kilichokolea, zilikuwa na ukungu mweupe zikikauka, hasa karibu na dirisha ambako jua linaingia. La pili, kitambaa kilianza kurudi kikavu upande mmoja, na tangi likirudi karibu limejaa kama nilivyolijaza. Nilidhani mashine imekufa. Nilichomoa tangi, nikaligeuza juu ya beseni jikoni na kulimulika kwa tochi ya simu. Kitundu cha kulia kilikuwa kinang'aa kwa unyevu. Cha kushoto kilikuwa kimefunikwa na ukoko mweupe, mgumu, usiozidi punje ya ulezi. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado ninalilipia: nilichukua sindano ya kushonea, nikakitoboa. Maji yalitoka mara moja, nami nikajiona fundi.

Jioni nilimpigia yaya kumsimulia.

"Mdogo wangu," akaniuliza, "ulitia maji gani?"

"Ya bidoni."

"Ya ziwa?"

"Ya ziwa, yaya. Lakini ni yale yaliyotiwa dawa pale ufukweni, na nimeyachuja kwa kitambaa."

Alicheka sana. "Umesahau birika la mama?"

Nilikuwa nimelisahau kweli. Birika la mama lilikuwa na ganda jeupe ndani, nene kama ganda la yai, na sisi watoto tulikuwa tukilikwangua kwa kijiko siku za usafi. Ganda lile lilitoka katika maji ya Kivu. Ziwa letu hupokea maji ya mvua na ya mito, lakini pia hupokea chemchemi zinazotokea chini kabisa baada ya kupita katika miamba ya volkano, na maji hayo huja na madini yaliyoyeyuka: magnesiamu, sodiamu na bikaboneti kwa wingi. Ndiyo maana maji ya juu ya ziwa ni ya kialkali, pH yake, yaani kipimo cha uchachu na ualkali, ikiwa karibu 9, na ndiyo maana sabuni haipendi kufanya povu ndani yake. Klorini inayotiwa katika bidoni pale tunapochota huua vijidudu vya kipindupindu, na hilo ni jambo kubwa kwa mji huu, lakini haiondoi hata chembe moja ya madini. Kitambaa nacho huzuia mchanga na majani, si kitu kilichoyeyuka. Maji yanapokauka katika kitundu cha tangi, yanaondoka yenyewe na kuacha madini pale pale. Yakikauka juu ya karo, yanaacha ule ukungu mweupe. Mambo yangu mawili yalikuwa jambo moja.

Basi nikageukia mvua. Kijana anayetuletea maji kwa chukudu aliponiona nikiweka pipa chini ya mfereji wa paa alitikisa kichwa. "Papa, mvua ya hapa inakula mabati, haitakula mashine yako?" Swali lake ni la haki. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira, volkano zetu mbili, una gesi zinazoyeyuka katika matone ya mvua na kuyafanya yawe na uchachu wa asidi, na kila mwenye nyumba hapa anajua jinsi mabati yetu yanavyoshika kutu mapema. Maji hayo yana pia floridi, na ndiyo sababu mojawapo ya kutoyazoea kwa kunywa. Lakini tangi la roboti ni la plastiki, halinywi maji, na maji ya mvua yana sifa moja ambayo ya ziwa hayana: karibu hayana madini ya kuganda. Kwa hiyo mimi huyatumia, kwa masharti. Maji ya mwanzo wa mvua, yanayoosha majivu na vumbi la paa, nayaacha yapite yote. Ninaanza kutega baada ya dakika ishirini hivi. Nayaacha yatulie usiku kucha ili majivu yashuke chini, kisha nachota ya juu tu na kuyapitisha katika kitambaa kizito. Siku ambazo moshi wa mlima umelala juu ya mji na kila kitu nje kina tabaka la majivu, sitegi kabisa.

Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, mvua inapotuacha, narudi kwenye maji ya ziwa, lakini niliyoyachemsha. Kuchemsha hufanya sehemu ya madini igande na kushuka chini ya sufuria, kwa hiyo nayaacha yapoe, namimina ya juu taratibu na kuacha kile kinachobaki chini. Hayawi kama ya mvua, kwa maana si madini yote yanayoondoka kwa kuchemshwa, ila ukoko unapungua waziwazi. Wapo wanaonishauri maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea katika betri za gari. Kwa upande wa ukoko hakuna yanayoyashinda, mradi tu uwe na hakika kwamba chupa uliyouziwa ni ya maji na si ya asidi ya betri, kwa sababu katika maduka mengine hukaa rafu moja. Mimi naona ni gharama isiyo na sababu kwa kazi ya kupangusa sakafu. Maji ya chupa ya kunywa nayo si suluhisho, kwani mengi yana madini, na huko kuyamwaga chini mama yetu asingekuvumilia.

Kujaza kwenyewe ni kazi ya dakika mbili, ila ina mpangilio. Kwanza roboti ifagie bila tangi. Vumbi letu si ule udongo mwekundu wa Lubumbashi. Ni mchanga mweusi wa volkano, wenye chembe kali, na ukiulowesha kabla ya kuufagia unapata tope linaloburuzwa kutoka chumba hadi chumba na kukwaruza karo. Sanduku la vumbi likishamwagwa, ndipo nachukua tangi, nalijazia mbali na mashine, kwa kikombe chenye mdomo, na kuacha nafasi ya kidole kimoja juu. Nabonyeza kizibo mpaka kikae sawa pande zote. Nafuta tangi lote kwa kitambaa kikavu, hasa sehemu inayogusana na mwili wa roboti, kwa sababu maji hayatakiwi kufika kwenye vyuma vya kuchajia. Kitambaa cha kupangusia nakilowesha na kukikamua kabla ya kukibandika, la sivyo mita za kwanza zinapita kavu. Kisha nasukuma tangi mpaka nisikie "ta!". Usiposikia sauti hiyo, usiiwashe. Tangi lililochomekwa nusu huanguka njiani, na zulia la sebuleni litakuwa shahidi.

Maji ya moto usitie, hata kama yanasafisha vizuri zaidi kwa mkono. Plastiki hupinda na mpira wa kizibo hulegea. Sabuni ya unga inaziba vitundu. Na javeli, dawa ya klorini ya kung'arishia na kuua vijidudu, ambayo nyumba zetu nyingi haziwezi kuishi bila yake, isiingie katika tangi kamwe: inakausha mpira na kula vyuma. Anayetaka karo zilizopigwa javeli azipige kwa ndoo na mkono, kama zamani.

Ukoko ukianza, dawa yake ni siki nyeupe, na laiti ningelijua hilo kabla ya sindano. Nachanganya kipimo kimoja cha siki na vinne vya maji, najaza tangi nje ya mashine, naliweka juu ya bakuli na kuliacha nusu saa. Ukisogeza jicho karibu unaona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye vitundu, kimoja kimoja. Ndio ukoko unaoyeyuka. Kisha namwaga, nasuuza mara mbili, na kuliacha wazi kivulini likauke. Wakati wa maji ya mvua nafanya hivyo mara moja kwa mwezi. Wakati wa maji ya ziwa, kila wiki mbili. Siki na javeli visikutane, si katika tangi wala katika ndoo, kwa sababu vikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Kuna kosa jingine lililotupata ambalo halikutokana na aina ya maji. Usiku mmoja roboti ilirudi kwenye chaji yake, tukalala bila kulitoa tangi. Kwa kuwa haina pampu ya kuyazuia, maji yaliendelea kudondoka taratibu kupitia kitambaa, na asubuhi kituo cha chaji kilikuwa kimesimama katika kidimbwi. Kwa bahati umeme ulikuwa umekatika tangu usiku. Ulikatika siku tano, na katika hangaika za siku hizo hakuna aliyekumbuka kwamba tangi, nililolitoa asubuhi ile na kuliweka kando, lilikuwa bado na maji nusu. Nilipolifungua lilinuka kama chombo cha maua yaliyooza, na ndani kulikuwa na utelezi. Siki iliondoa utelezi. Harufu iliisha baada ya kuliacha siku mbili likiwa wazi. Kitambaa tulikitupa. Tangu hapo, roboti ikimaliza kazi, tangi linatoka, linamwagwa, linatikiswa mpaka tone la mwisho, na linalala jikoni bila kizibo. Kitambaa kinafuliwa siku hiyo hiyo na kuanikwa. Kazi hiyo amepewa mwanangu wa pili, naye anaidai malipo.

Kuhusu kitundu cha kushoto, sindano yangu ilikipanua. Kinadondosha maji haraka kuliko mwenzake, kwa hiyo roboti inaacha nyuma yake ukanda mmoja uliolowa zaidi, upana wa kama vidole vitatu, kutoka mlangoni hadi kwenye kabati. Nimejaribu kupunguza maji, nimejaribu kukunja kitambaa mara mbili upande ule. Yaya ameahidi kuleta tangi jipya atakapokuja tena. Mpaka wakati huo, mke wangu anaupitia ukanda ule kwa kitambaa kikavu, huku akiinama.