Shilingi 500 kwa Kila Mtoto

Mwaka 2017 nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Urambo, Tabora. Elimu bila ada ilikuwa na mwaka mmoja na ushei, madarasa yamefurika, na kwenye mkutano wa kijiji mwalimu mkuu alibanwa: hela ya chaki inakwenda wapi? Hakubishana. Alituwekea mezani taarifa ya benki.

Ruzuku ya uendeshaji ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zilibaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. 6,000 ziliingia akaunti ya shule, yaani 500 kwa mwezi. Kwetu zilikuwa zinaingia 306,000. Gawanya kwa 500, unapata watoto 612. Rejesta zilikuwa na majina 874. Mwizi hakuwepo, tulikuwa tukilipwa kwa takwimu za kabla ya wimbi la uandikishaji la 2016.

Barua ya kwanza ya kuomba idadi irekebishwe ilirudishwa. Tuliipeleka wilayani moja kwa moja, imejaa manung'uniko, muhtasari wa kikao haina. Ya pili ilifuata ngazi: muhtasari wenye saini ya mwenyekiti na ya mtendaji, mhuri, orodha ya mahudhurio kuonyesha akidi ilitimia, ikapita kwa mtendaji wa kata, ndipo ikafika kwa mkurugenzi.

Huko afisa mmoja akatuuliza, "Wazee wangu, vibarua wa tumbaku bado wapo?"

Tukatazamana. Tumbaku ilikwishauzwa, vibarua wamerudi kwao, na watoto wao wamekwenda nao. Majina yao yalibaki, maana jina halifutwi kwenye rejesta hivi hivi tu. Tukarudi kuita majina siku tatu mfululizo, darasa kwa darasa. Majina 59 hayakuitikiwa, na majirani wakathibitisha kuwa kaya hizo zimehama. Yakabaki majina 815. Mzee mmoja wa kamati alitaka tung'ang'anie 874, eti serikali itapunguza yenyewe. Tukamkatalia: wakaguzi wakikuta hewa 59, nani angeamini hao wengine?

Miezi minne baadaye ziliingia 407,500. Za nyuma hatukupata hata senti. Tuliandika barua ya kuzidai, na nakala yake mwalimu mkuu akaibandika kwenye ubao wa matangazo, kando ya mapato na matumizi, kwa gundi ya unga wa muhogo.