Starehe, kwa Kihispania

Siku ya tatu tangu nifike Oaxaca, Mexico, niliingia fonda moja karibu na soko. Fonda ni kwa mama lishe hasa: meza chache, vitambaa vya plastiki vyenye maua, na chakula cha siku kwa bei moja. Nilikuwa nimeinamia supu yangu mzee mmoja alipomaliza kula, akainuka, akavaa kofia, akapita ubavuni mwangu na kusema, "Provecho." Akaiambia hivyo hivyo meza ya pili, na ya tatu, watu ambao ni dhahiri hakuwajua. Wote wakamwitikia, "Gracias." Akatoka.

Maana ya neno hilo ni manufaa, kwamba chakula kikufae. Mimi nililisikia kama "starehe". Kwetu Tanga ukimkuta mtu anakula atakwambia "karibu", nawe kama huna njaa unajibu "starehe", aendelee kwa raha zake. Wiki hiyo hiyo nikagundua kwamba hata "karibu" wanayo: anayekula huinua macho na kumwambia anayeingia, "¿Gusta?" Naye hujibu, "Provecho." Nimeishi nchi za watu miaka kadhaa, nikila mbele ya watu bila kukaribisha wala kutakiwa starehe, na sikujua kiasi nilivyoyakosa maneno hayo mawili mpaka nilipoyakuta huku.

Chakula kikuu cha siku wanakiita comida, na wakati wake ni saa nane mpaka saa kumi alasiri. Usiku ni kitu chepesi tu: kwa mwenyeji wangu ni chokoleti ya moto, iliyopekechwa kwa mti viganjani mpaka ikatoa povu, na mkate laini wa mayai wa kuchovya. Kwenye comida vyakula havitengwi vyote kwa pamoja. Inatangulia supu ya maji, ikifuatiwa na "supu kavu", jina wanaloupa wali au tambi, ndipo kinapokuja kitoweo. Pembeni kuna jagi. Siku ya kwanza lilikuwa la ukwaju, siku ya pili la rozela, na nilipoonja nilijiona niko nyumbani wakati wa kufuturu.

Kwetu tunazunguka sinia moja. Hapa kila mtu ana sahani yake, na kinachowaunganisha ni kikapu cha tortilla, mikate bapa ya mahindi, kilichofunikwa kitambaa kilichodariziwa. Unachukua moja, unafunika haraka, maana ukiacha wazi unawapozea wenzako. Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo kuhusu kawa. Halafu unakata kipande cha tortilla kwa vidole, unakikunja, unazolea maharage. Mkono wangu ulijua kazi hiyo bila kufundishwa. Ni tonge, ila ni bapa.

Jumapili niliamka mapema nione inavyoanza. Mwenyeji wangu, mama wa rika la mama yangu ambaye wote tunamwita doña, alikuwa amechemsha mahindi na chokaa jana yake na kuyalaza usiku kucha humo humo. Alfajiri aliyaosha, maganda yakatoka na maji, tukayabeba mashineni yakarudi donge lenye unyevu. Chokaa ninayoijua mimi ni ya tambuu. Sikuwahi kuiwazia kwenye sufuria, wala kwamba mahindi ya ugali wetu asili yake ni nchi hii, yakavuka bahari na kuiacha chokaa nyuma. Hasara yake haikuwa ndogo. Chokaa hufungua vitamini iliyofungika ndani ya punje, na walioishi kwa mahindi matupu bila kuitumia, katika nchi nyingi, waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo.

Watu kumi walikaa mezani saa tisa. Doña alibaki jikoni, amesimama mbele ya comal, kikaango bapa cha udongo. Anaviringa donge dogo, analikandamiza, analilaza juu ya moto, anageuza kwa ncha za vidole, anageuza tena, na tortilla inafura katikati kama inavuta pumzi. Hapo ndipo huitoa. Kila moja ilifika mezani ikitoa moshi. Supu ikaisha, wali ukaisha, kuku wa mole, mchuzi mzito wa pilipili, akaisha, na yeye bado amesimama. Nilimwona mama yangu pale pale, Jumapili zote za utoto wangu, akisukuma chapati huku sisi tukigombea ya juu. Sikumbuki hata siku moja niliyomwona akila chapati ya moto, na jambo hilo limenikaa kooni tangu nione mgongo wa doña.

Sahani zilipoondolewa hakuna aliyeinuka. Kuna neno la kukaa huko, sobremesa: mazungumzo ya mezani baada ya kula. Hata mgahawani hawakuletei hesabu mpaka uombe, kwa sababu kuileta mapema ni kama kumfukuza mgeni. Kwetu tunanawa na kuhamia barazani kwenye kahawa. Hapa meza yenyewe ndiyo baraza, na watoto wanasikiliza habari za wakubwa mpaka jua linapungua.

Mimi niliingia jikoni, nikamwomba doña akae. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alinipa nafasi yake na kuvuta kigoda pembeni ya jiko. Tortilla zangu mbili za kwanza zilipasuka ukingoni, ya tatu ikafura. Nilimpa hiyo. Aliipaka chumvi tu, akaikunja. Jirani alichungulia mlangoni wakati huo, na doña akainua mkono wenye tortilla: "¿Gusta?"

"Provecho, doña."

Nami nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sababu ndilo neno lililonijia: "Starehe, mama."