Nishushe kwa Mama Vitumbua

Waliokulia njia ya daladala ya Mbezi, Dar es Salaam, hawahitaji kuelezwa kugeuza. Jioni pale Posta watu waliingilia madirishani, kwa hiyo mjanja alipanda gari likiwa bado linaelekea mjini, akakaa, akageuka nalo. Wakubwa waligeuza wapate siti. Sisi watoto tuligeuza ili tutembee. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 50, na mimi hata hiyo sikuilipa. Makonda wa njia yetu walinipokea mlangoni kama mtu wao, nikawasaidia kuita abiria, Jumamosi nzima Mbezi–Posta, Posta–Mbezi. Nilijisifu shuleni kwamba nina kipaji cha kupiga debe.

Mji niliujua kwa mdomo wa konda. "Baruti wapo? Kibo! Maziwa kushuka?" Usipojibu unapitilizwa. Kabla sijaona ramani ya Dar nilijua kwamba baada ya Tiptop ni Manzese, halafu Kagera, Mwembechai, Usalama, Mapipa.

Niliondoka 2011. Miaka mingi niliyokuwa Ulaya nimeishi Luxembourg, na hapa mniache niringe kidogo. Tangu 2020 nchi ile hulipi basi, tramu wala treni, uwe mwenyeji au mtalii. Tiketi hukatwa na anayetaka daraja la kwanza kwenye treni tu. Jumapili napanda tramu hadi Kirchberg, nateremka bondeni Pfaffenthal kwa kigari kinachovutwa na kamba, napandishwa mji mkongwe na lifti ya kioo, narudi nyumbani bila kugusa pochi. Nilipokata tiketi ya ndege nilijiapiza: wiki ya kwanza Dar nitageuza kama zamani.

Nikaanzia Kivukoni, kwenye mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao. Anayetaka kuuona mji kwa senti chache nampa siri hii: aende Jumapili asubuhi, na akishapita getini asitoke, abadilishe tu mabasi. Siku ile, mpaka Kimara, mpaka kituo cha Morocco, tiketi ilikuwa ile ile moja. Akimaliza, avuke na pantoni kwenda Kigamboni, asimame ukingoni. Basi lilipita Jangwani kwa kasi ambayo daladala yetu haikuwahi kuiota. Lakini hakuna aliyeita kitu. Watu walijua pa kushuka wenyewe, wakashuka kimya. Nilijikuta nanong'ona: Mapipa wapo?

Ubungo nikashuka kuitafuta Mataa, yale makutano ya zamani yenye taa za barabarani. Kijana mmoja akaniambia, "Anko, umesimama Mataa." Taa zenyewe sizioni. Kuna barabara juu ya barabara juu ya barabara, daraja la Kijazi lililofunguliwa 2021, na bado watu wanasema tukutane Mataa. Nilicheka peke yangu. Nikavuka nikapanda daladala ya Mbezi, maana huko angalau konda yupo.

Na alikuwepo, kijana wa miaka ishirini hivi, sauti nzuri kabisa. Tulipopita Stop Over nikatoa ile kauli niliyoitunza miaka yote: "Konda, nishushe kwa Mama Vitumbua."

"Wapi?"

"Kwa Mama Vitumbua. Kabla ya Temboni."

"Anko, hicho kituo hakipo."

Abiria wakageuka. Nikaanza kueleza: nyumba ya bati jekundu, mwarobaini, benchi. Nje ya dirisha ilipita lami pana, njia nane, na mtaro. Nilijua kwa simu kwamba 2017 walivunja, mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, na kwamba shangazi alihamia Kibaha. Nilijua. Ila kichwani mwangu kituo kilibaki, kwa sababu makonda walikuwa wakikiita, na mimi niliamini kinachoitwa na konda hakiwezi kuvunjwa. Mama mmoja aliyekaa nyuma ya dereva alisema taratibu, "Alikuwepo kweli. Vitumbua vya iliki." Akaendelea kutazama mbele. Sikumuuliza zaidi, na hilo linaniuma hadi leo.

Sikushuka. Nikafika mwisho wa gari, nikabaki kwenye siti.

"Anko, tumefika."

"Nageuza."

"Basi nauli nyingine."

Nikatoa. Mtu wa nchi ya bure nimelipa mara mbili ndani ya saa moja.

Kesho yake nilimsimulia shangazi Kibaha, nikilalamika jinsi makonda wa siku hizi walivyo na roho ngumu, wakati wale wa zamani walinizungusha mji mzima bila hata shilingi.

Akaacha kupepeta mchele.

"Bure? Mwanangu, kila Jumamosi nilikuwa nawafungia vitumbua sita. Vinne vya konda, viwili vya dereva."