Miezi 14 na muundi uliogoma kuunga

Niligongwa Machi 2021, Msamvu, Morogoro, nikiwa abiria kwenye bodaboda. Bampa ya gari dogo ilinipata mguu wa kulia, chini ya goti. Nilipoinama kuangalia, mfupa ulikuwa umechungulia nje ya ngozi, mweupe kama muhogo uliomenywa. Mimi ni fundi cherehani wa mashine ya kukanyaga, na Ramadhani ilikuwa imebaki mwezi mmoja tu. Msimu wa kanzu ulinipita nimelala chali.

Usiku uleule nilisafishwa kidonda na kufungwa antena, yale machuma yanayotokeza nje ya mguu. Nilikaa nayo wiki 10, kidonda kikafunga, nikabadilishiwa hogo, yaani plasta ngumu. Niliambiwa muundi, ule mfupa mkubwa chini ya goti, huchukua miezi minne hadi sita kuunga. Mwezi wa sita tangu nigongwe nikapiga picha: ufa mweusi uko palepale. Mwezi wa nane, ufa uleule. Pale kliniki jibu lilikuwa moja, "mfupa wako mzito kuunga, rudi baada ya wiki 6." Nilirudi mara tatu.

Kwa majirani, kila mmoja alikuwa na dawa yake. Kongoro nililokunywa mwaka ule lingetosha kulisha harusi. Shemeji yangu aliona mkono wa mtu. Mjomba alitaka nipelekwe Kilosa kwa mzee anayeunga mifupa: anamvunja kuku mguu, anamfunga, na siku kuku akitembea na wewe unatembea. Sikwenda. Kuku nilimwonea huruma, lakini zaidi niliogopa mguu uliokwisha kuwa na kidonda kukandwa na mikono isiyonawa.

Mwezi wa tisa nilikwenda kwa daktari mwingine wa mifupa, bahasha ya picha zote kwapani. Alizipanga kwa tarehe kwenye dirisha, akakaa kimya, kisha akauliza, "Kaka, unavuta?"

Nilikuwa navuta. Pakiti kwa siku, na tangu niumie zilizidi, kwa sababu mtu aliyelala kutwa nzima afanye nini. Akanieleza kwamba muundi, hasa theluthi yake ya chini, una nyama chache za kuufunika, kwa hiyo hata kwa mtu mzima wa afya damu inayoufikia ni ya kubana. Ajali ilikuwa imenipasulia ngozi na nyama, ikachukua sehemu ya damu hiyo. Iliyobaki, nikotini ilikuwa inaibania mishipa. Akauliza pia dawa za maumivu. Nilikuwa nameza diklofenaki kila siku tangu siku ya kwanza. Akasema huenda nazo zinachelewesha, akanihamishia paracetamol.

Kisha akanionyesha kitu ambacho hakuna aliyewahi kunionyesha. Mguu chini ya goti una mifupa miwili, na ule mwembamba wa pembeni wangu ulikuwa umeunga zamani. Ukawa kama mwimo wa mlango: unabeba mzigo na kuviweka mbali vipande vya ule mkubwa, visigusane. Nami kwa hofu nilikuwa sikanyagi kabisa. Miezi tisa mfupa haujasikia uzito wa mwenyewe, utaunga kwa sababu gani?

Sigara niliziacha wiki hiyo. Sikuwa shujaa, nilimwomba mama watoto asininunulie, na kwa magongo duka lilikuwa mbali. Wiki mbili za kwanza niligombana na kila mtu nyumbani, mpaka paka.

Kabla ya upasuaji nilipimwa sukari, na damu ikaangaliwa kama kuna wadudu waliojificha mfupani, maana antena huacha matundu. Nikakutwa salama. Januari 2022 akakata kipande kidogo cha ule mfupa mwembamba, akasafisha ncha za muundi mpaka zikatoa damu, akachota mfupa laini kutoka nyongani kwangu na kuujaza kwenye pengo. Halafu akapitisha chuma ndani ya muundi kuanzia gotini. Kilikuwa cha SIGN, shirika la Richland, Marekani, ambalo limebuni vyuma vinavyoweza kufungwa skrubu bila mashine ya eksirei chumbani. Nilichokuwa sijaandaliwa ni nyonga. Mguu uliuma kiasi, lakini pale palipochotwa mfupa ndipo paliponiliza.

Safari hii amri ilikuwa kukanyaga. Yule dada wa mazoezi ya viungo aliniwekea mzani wa kawaida sakafuni: mguu mzima juu ya kitabu kinene, mbovu juu ya mzani, nibonye mpaka kilo 10, wiki inayofuata 20. Ule mzani ulinisaidia kuliko maneno yote, maana hofu yangu ilikuwa sijui ninakanyaga kiasi gani. Nilipofika 40 nikamuuliza kuhusu cherehani. Akacheka, akasema kisigino kikipanda na kushuka ni zoezi zuri la kifundo, ila nianze na dakika 15. Ramadhani ya 2022 nilishona kanzu 11. Mwaka wa kawaida hushona zaidi ya 60.

Picha ya Mei ilionyesha ukungu mweupe umezunguka ufa pande tatu kati ya nne. Daktari akasema hiyo inatosha kuitwa imeunga, nikaacha gongo la mwisho palepale kliniki. Mama mkwe mpaka leo anasema ni kongoro.

Goti ndilo lililobaki na deni. Pale kilipoingilia chuma panawaka nikipiga magoti, na daktari anasema kukitoa si lazima. Kwa hiyo msikitini naswali kwenye kiti, safu ya pembeni, pamoja na wazee walionizidi miaka 30.