Yona alivuna mji mzima, halafu akanuna

Kitabu cha Yona kimenikosesha usingizi jana, sura nne tu hizo lakini doh. Manake kwa hesabu zetu za kanisani yule jamaa ndo mwinjilisti bora kabisa, mahubiri yake sentensi moja, bado siku 40 na Ninawi utaangamizwa, hana kwaya hana spika, na mji wote ukatubu, mfalme akakaa majivuni, mpaka wanyama wakavikwa magunia! Halafu Mungu alipousamehe mji, mhubiri mwenyewe akakasirika, akatoka akakaa nje ya mji angoje aone itakuwaje. Mungu anamuuliza kuhusu watu zaidi ya 120,000 waliomo humo, na mifugo pia, kitabu kinaishia hapohapo kwenye swali.

Sasa chukua yule tajiri wa Marko 10. Imeandikwa Yesu alimkazia macho akampenda, ndo akamwambia lile gumu, kauze ulivyo navyo uwape maskini, na jamaa akaondoka zake kwa huzuni. Hakukimbizwa, hakupunguziwa masharti, na wala hakutukanwa. Yani asiye na huruma kavuna mji, mwenye huruma kaachiwa mgongo. Basi sisi tunapoulizana kila wiki "mmepata roho ngapi" tunapima nini hasa?

Rafiki yangu mmoja haamini kabisa, na siku tunamzika mama yake kuna mtu alimfuata palepale kaburini akamuuliza ungekufa wewe leo ungeenda wapi. Aliniambia baadaye, bila hasira, kwamba anawatambua mapema wale wanaongoja tu amalize kuongea ili waanze yao. Sikubisha. Swali lenyewe ni la maana, mimi naliamini, ila yule mtu hakuwa amemuona aliyefiwa, alikuwa ameona nafasi.

Kuna wengine nao watasema basi ukiwa na huruma nyamaza, saidia tu. Hapo mi sikubaliani. Kile kisa cha kulisha watu 5,000, Marko anasema Yesu aliwahurumia akaanza kuwafundisha mambo mengi, Mathayo kisa hichohicho anasema aliwahurumia akaponya wagonjwa wao, Luka anaweka yote mawili, hakuna anayeona shida. Na mkate ulikuja jioni (hili huwa tunalipita haraka), watu walishasikiliza weee mpaka jua linazama, kwa hiyo hakikuwa chakula cha kuwavutia waje kwenye neno, na hakuna aliyeambiwa okoka kwanza ndo upewe samaki. Wakala wote wakashiba.

Huyo rafiki nilishamwambia ninachoamini, chote, na kwanini natamani naye akijue. Akasema hapana. Sawa, bado tunapigiana simu, bado namuombea na anajua kwamba namuombea, akiuliza tena nitajibu, na asipouliza sitabuni sababu ya kumrudisha kwenye mada kila tukikutana maana hapo ningekuwa namfukuzia yeye au ripoti yangu?

Jumamosi tunapanga uinjilisti wa mwezi ujao, nitaomba ile safu ya idadi ya waliookoka itolewe kwenye fomu, tuweke majina ya watu wa kwenda kuwatembelea tena hata kama walikataa. Katibu atapinga, namjua, anapenda sana jumla zake.